Sura ya Tano: Ukuta Mfupi wa Muyinga

Anayejenga Burundi huanza na uzio. Msingi wa nyumba haujachimbwa, lakini mipaka ya kiwanja imekwisha kusimama: miti iliyopandwa kwa safu, matofali, au mabati kwa mwenye haraka. Si uchoyo. Rugo, boma la kale la Warundi, lilikuwa na uzio wake na ua wake, na aliyeingia bila kubisha hodi alikuwa ama wa nyumbani ama mwizi. Basi mtu anayetaka kujenga mahali pa watu wote katika nchi hii anakutana mapema na swali gumu: majirani watajuaje kwamba uzio huu haukuwekwa kuwafungia nje?

Mjini Muyinga, kaskazini mashariki ya nchi, si mbali na mpaka wa Tanzania, swali hilo lilijibiwa kwa mawe. Maktaba iliyokamilika huko mwaka 2012 imekaa kwenye mteremko. Wasanifu wake, kampuni ya BC kutoka Brussels ambayo wakati huo ilikuwa changa, waliujadili uzio pamoja na wenyeji na ODEDIM, shirika la maendeleo la Dayosisi ya Muyinga. Kilichotoka kwenye mazungumzo hayo ni ukuta mmoja wenye tabia mbili. Upande wa barabara umepanda juu, watoto wawe salama. Upande wa uwanja na bonde umeshuka chini, macho yapite. Ni mawe yaliyopangwa bila saruji, na yana kazi ya pili ya kushika udongo wa mteremko usiporomoke mvua za Aprili zinapopiga. Aliye ndani anaviona vilima vikifuatana mpaka vinapofifia.

Nimeanza na ukuta kwa makusudi. Mazungumzo kuhusu maktaba kwa kawaida huanza na vitabu, ya bustani huanza na miti, na wasanifu wakiachiwa nafasi huanza na paa. Mimi naamini maktaba ya mtaa, na bustani ya mtaa vilevile, hufaulu au hufa pembezoni, pale mtu anaposimama akiwa bado hajaamua kuingia. Mwanafunzi anajua anachotaka, ataingia tu. Lakini mama aliyetua kikapu ili apumzike, kijana asiye na kazi anayeogopa kuulizwa anatafuta nini, mzee asiyejua kusoma: hao huamua kwa kuangalia kizingiti.

Nairobi kuna mfano wa kinyume chake. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, ina ngazi pana, nguzo nene na simba wawili wa mawe mbele ya mlango. Ilijengwa kwa ajili ya Wazungu peke yao, na Waafrika walianza kuruhusiwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Amri ilifutwa siku moja. Ngazi na simba vimebaki. Miaka ya karibuni taasisi ya Book Bunk, iliyoanzishwa na Angela Wachuka na Wanjiru Koinange, imefanya kazi ya kuihuisha McMillan pamoja na matawi yake mawili ya Kaloleni na Makadara. Sikushangaa kwamba matawi, majengo ya kawaida yaliyo katikati ya makazi ya watu, ndiyo yaliyotangulia kukarabatiwa.

Turudi Muyinga. Jengo lenyewe ni dogo, mita za mraba 140 hivi. Sehemu yake bora kuliko zote, kwa maoni yangu, si chumba cha vitabu bali baraza linalokwenda sambamba nacho kwa urefu wote, lililopanuliwa makusudi kupita mahitaji ya kupitia. Msomaji wa Lamu au wa Unguja hahitaji kuelezwa baraza ni nini. Amelelewa juu yake. Nyumba za Burundi nazo zina sehemu hiyo iliyo chini ya upenu, ambapo jua na mvua havimfikii mtu, na ndipo wageni hupokewa, maharage huchambuliwa, na habari za kilima husemwa. Wasanifu waliona kwamba maisha yanapita hapo zaidi kuliko vyumbani. Kati ya nguzo wakaweka milango inayopitisha mwanga. Ikifunguliwa yote, chumba na baraza na uwanja ulio mbele huwa kitu kimoja. Ikifungwa, vitabu viko salama na baraza bado lina kazi.

Hesabu yake ni rahisi, na inashangaza kuwa majengo mengi ya umma hayaifanyi. Chumba kina gharama: rafu, kufuli, mkutubi, saa za kufungua na kufunga. Baraza linataka paa na mahali pa kukaa tu, nalo linaweza kupokea watu hata saa ambazo mkutubi hayupo. Kwa hiyo fedha zikipungua, kata chumba kabla ya kukata baraza. Halmashauri nyingi hufanya kinyume, kwa sababu chumba kinahesabika kwenye ripoti na kivuli hakihesabiki.

Sasa udongo. Kabla ya kuchora, timu ya BC ilizunguka kwa miezi miwili hivi katika eneo hilo kutazama watu wanajengaje na kwa nini. Katika kuzunguka huko waliibua mashine mbili za kubana tofali za udongo, aina ya Terstaram, zilizokuwa zimelala kwa takriban miaka kumi na mitano bila kutumika. Mashine hizi hazihitaji umeme. Udongo unachunguzwa, unachekechwa, unatiwa kwenye kisanduku, watu wanakandamiza mtaimbo, na linatoka tofali la sentimita 29 kwa 14 kwa 9 ambalo halipiti kwenye tanuri. Tofauti hiyo ya mwisho ni kubwa. Tofali la kuchoma, linalopendwa kila mahali katika Maziwa Makuu, hula kuni, na Burundi haina kuni za kuchezea: ni nchi yenye kilomita za mraba 27,834 na watu zaidi ya milioni 12, ambapo kila kilima kina mwenyewe na kila mti una mdai.

Tofali mbichi lina adui mmoja, maji. Ukishajua hilo, umbo la maktaba linajieleza lenyewe. Paa la vigae vya udongo vilivyochomwa hukohuko lina mwinamo wa asilimia 35 na limetokeza mbele ya kuta ili mvua idondoke mbali. Nguzo ziko karibukaribu, kila mita moja na sentimita thelathini, kwa sababu kuta ni ndefu na zinahitaji kuegemezwa. Matundu yameachwa katikati ya tofali kwa mpangilio. Hewa ya moto na unyevu inapanda na kutoka, ndiyo maana ndani kumejengwa juu sana. Usiku taa zikiwaka, matundu hayohayo huwaambia wapitao njia kwamba pana watu. Hakuna aliyeketi akasema tutie nakshi, ila nakshi ikapatikana.

Kuna mambo mawili ambayo masimulizi ya sifa huyaruka. La kwanza ni mikaratusi. Paa limebebwa na mbao za mikaratusi kwa kuwa ndiyo miti inayopatikana, lakini mkaratusi huchachusha udongo na kuizuia mimea mingine kuota chini yake. Anayejenga kwa mikaratusi bila mpango wa kupanda miti mingine anakopa kwa wajukuu. Wasanifu wenyewe walilisema jambo hilo waziwazi. La pili ni zege. Kanuni za ujenzi zilidai nguzo ziwe na nguvu ya zege, nao wakaliweka ndani ya nguzo zenye uwazi, wakilitenga na tofali. Nia yao ni kwamba siku jengo litakapochakaa, udongo urudi kuwa kilima. Wengine wataona huo ni ushairi wa mhandisi. Mimi naona faida ya karibu zaidi: tofali likivunjika leo, udongo wa kulifyatulia mwenzake uko mita chache kutoka pale, na waliokandamiza mashine bado wanaishi Muyinga.

Upande wa barabara chumba kina kimo cha ghorofa mbili, na hapo watoto wadogo walipewa kona yao: chini ni sehemu ya mbao ya kukalia, juu umetandazwa wavu mkubwa wa kamba za mkonge ambao watoto huupanda, wakalala na kusoma. Kuupata wavu huo haikuwa kazi ndogo. Ilibidi atafutwe mtu anayejua kusuka mkonge kwa namna ile, na eneo zima la Muyinga likatoa mzee mmoja. Akashawishiwa awafundishe vijana wanne, na hao wakausuka. Habari hii huninyima raha kidogo kila niikumbukapo. Ujuzi uliokuwa umebaki kwa mtu mmoja ulifika kwa wengine wanne kwa sababu mtu fulani alichora wavu kwenye karatasi. Kama angechora viti vya plastiki, mzee yule angeondoka nao.

Jengo la namna hii linaweza kuonekana la kimaskini kwa mtu aliyezoea picha za maktaba kubwa. Tuvuke bahari basi, twende Medellín, Colombia, mji uliofanya maktaba na bustani kuwa kitu kimoja kuliko mji mwingine ninaoujua. Chini ya meya Sergio Fajardo, aliyeongoza kuanzia 2004 hadi 2007, mji huo ulijenga maktaba-bustani katika mitaa ya mlimani iliyokuwa imeachwa kwa umaskini na bunduki. Iliyopata sifa zaidi ilikuwa Biblioteca España, mtaani Santo Domingo Savio, majabali matatu meusi yaliyochorwa na Giancarlo Mazzanti na kufunguliwa mwaka 2007. Dunia ilikuja kuitazama. Kisha kasoro za ujenzi zikajitokeza, majengo yakafunikwa, na maktaba ikafungwa kwa miaka. Wazo la Medellín lilikuwa sahihi, tena la kijasiri: jengo bora lipelekwe kwa asiye na kitu. Lakini jengo ambalo mtaa hauwezi kulikarabati linapougua, mtaa mzima husubiri mkandarasi na kesi.

Maktaba ya Muyinga ilipangwa kuwa sehemu ya kwanza ya shule ya watoto viziwi, shule ambayo wanaosikia nao wangeitumia. Jambo hili limetajwa mara nyingi kama habari ya huruma, na sivyo linavyostahili. Kiziwi ni mwalimu mzuri wa usanifu. Chuo Kikuu cha Gallaudet, mjini Washington, ambacho ni cha viziwi, kilianza katikati ya miaka ya 2000 kukusanya kanuni za majengo yanayowafaa: mwanga usimpige msemaji mgongoni ukaficha uso na mikono yake, njia ziwe pana ili wawili watembee wakizungumza kwa ishara, pembe zisiwe za kushtukiza, aliyekaa amwone anayeingia. Soma orodha hiyo tena ukimfikiria bibi mwenye magoti mabovu, au msichana anayetaka kujua nani yuko ndani kabla ya kuvuka mlango. Ni yaleyale. Tena kuna raha ndogo hapa ambayo siwezi kuiacha: katika maktaba ya watoto wanaozungumza kwa mikono, lile tangazo la KAA KIMYA halina wa kumkemea.

Tuteremke sasa hadi Gitega, kwa njia ya Karuzi, mpaka mtaa wa Musinzira, tuwaze maktaba na bustani ya mtaa zingejengwaje hapo. Tangu Gitega ifanywe makao makuu ya kisiasa ya Burundi mwaka 2019, ardhi ya mjini imepata macho mengi. Mji una vitu vya kujivunia vya kitaifa: Makumbusho ya Taifa yaliyoanzishwa mwaka 1955, na si mbali, Gishora, kunapotunzwa ngoma za kifalme ambazo ibada yake iliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014. Lakini kitu cha taifa hakimtoshi mtu wa mtaani. Makumbusho unakwenda na mgeni, mara moja, ukiwa umevaa vizuri. Bustani ya mtaa unakwenda na kandambili.

Nani angekuja? Watoto kwanza, na sababu iko kwenye ratiba ya shule. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2005 na madarasa yakafurika. Shule nyingi hufundisha kwa zamu, kundi moja asubuhi, jingine alasiri. Maana yake ni kwamba wakati wowote wa siku ya kazi kuna watoto wa mtaa ambao hawako darasani, na nyumbani hakuna meza. Hao ndio wateja wa saa tatu asubuhi na wa saa tisa alasiri. Saa kumi na mbili jua linazama, msimu wowote, na kwa kuwa nyumba nyingi hazina umeme wa kutegemewa, taa moja ya barazani ina thamani kuliko rafu kumi. Ningeweka taa kabla ya rafu.

Kuhusu vitabu nitasema machache. Mtoto wa Kirundi huanza shule kwa lugha yake, kisha hugeuzwa kwenda kwenye Kifaransa, huku Kiingereza na Kiswahili navyo vikiwa darasani. Vitabu vya hadithi vya Kirundi ni vichache mno kwa kiu iliyopo. Rafu ya Kiswahili isiachwe kwa kudhani ni lugha ya wachuuzi wa mjini. Hadithi za kutoka Dar es Salaam na Nairobi zinasomeka Gitega, na mtoto aliyezoea kuzisoma ataelewana na dereva wa lori, na mwalimu wa Ngara, na msomaji yeyote kuanzia hapo hadi pwani.

Bustani ni ngumu kuliko maktaba. Mahali penye msongamano wa watu kiasi hiki, kiwanja kisicho na jengo wala mihogo kinaonekana hakina mwenyewe, na kisichokuwa na mwenyewe hupata mmoja upesi. Bustani inayodai kuwa ya kupumzikia tu haitadumu miaka mitatu. Lazima ifanye kazi inayoonekana. Kibera, Nairobi, kikundi cha Kounkuey Design Initiative kimekuwa kikibuni na wakazi, tangu 2006, maeneo ya wazi ambayo ndani yake mna bomba la maji, vyoo, vibanda vya biashara na mahali pa watoto kuchezea. Mapato ya biashara hizo husaidia matunzo. Bustani ya Forodhani, Unguja, ilipofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati wa taasisi ya utamaduni ya Aga Khan, wauza mishkaki na urojo walitengewa nafasi yao. Ingekuwa kosa kubwa kuwafukuza ili nyasi zipendeze. Muuzaji ni mlinzi asiyelipwa mshahara. Anamjua mtoto wa nani ni nani, na anabaki hadi usiku.

Musinzira basi bustani ipewe mteremko, kwa kuwa Gitega ina mteremko kuliko tambarare, na mteremko ukikatwa matuta kwa mawe makavu kama Muyinga unatoa viti bila gharama ya kiti. William H. Whyte, aliyewapiga filamu watu katika viwanja vya New York na kutoa kitabu chake mwaka 1980, alihitimisha kwamba watu hukaa mahali ambapo pana pa kukalia. Wasomi walicheka, kisha wakaenda kuhesabu benchi zao. Matuta hayo yawe na kimo cha goti la mtu mzima. Juu yake ipandwe miti ya kivuli isiyo mikaratusi, hata miparachichi, mradi ikubaliwe mapema matunda ni ya nani. Jambo dogo hilo limevunja urafiki mwingi. Jioni za Julai Gitega kuna baridi, mji uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo baadhi ya viti vielekee magharibi vipate jua la mwisho. Kazi za pamoja za Jumamosi asubuhi, ambazo Warundi wamezizoea, zinaweza kupanga mawe. Zisitumiwe kuezeka paa. Fundi alipwe.

Na mkutubi alipwe. Hapa ndipo miradi mingi mizuri hufa, baada ya wapiga picha kuondoka. Maktaba ya Muyinga imezunguka katika majarida ya usanifu ya dunia, na hakuna picha hata moja inayoonyesha nani anafungua mlango saa mbili asubuhi mwaka wa kumi. Tanzania ilielewa jambo hili mapema: sheria ya 1963 iliunda bodi ya huduma za maktaba, yaani mishahara, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ilifuata, ikafunguliwa mwaka 1967. Vituo vya kusomea vya nchi zinazotumia Kifaransa, vile viitwavyo CLAC ambavyo Burundi nayo inavyo, vimejengwa juu ya mapatano ya aina hiyohiyo: vitabu na vifaa hutoka kwa shirika la kimataifa, lakini jengo na mfanyakazi ni juu ya wenyeji. Mapatano hayo yaandikwe kabla ya tofali la kwanza kufyatuliwa, kwa jina la cheo na kiasi cha faranga kila mwezi. Anayesema tutapata mtu wa kujitolea amekwisha kuifunga maktaba, hajatangaza tu tarehe.

Funguo ningezigawa: wa chumba cha vitabu kwa mkutubi, wa stoo ya viti na mipira kwa kamati ya mtaa, na baraza lisiwe na ufunguo kabisa. Choo kijengwe mapema, si mwisho fedha zikibaki, kwa maana mahali pasipo na choo wanawake huondoka baada ya saa moja na watoto wao huondoka nao. Kiwe kwenye njia ya watu, mlango wake uonekane kutoka mezani kwa mkutubi, na komeo lake liwe la ndani.